Nguo za Bi Obdulia

Huesca, 28 Novemba 1995

Kwa Mkutano wa Wenye Nyumba, Mtaa wa Cordeleros namba 11, Zaragoza

Bwana Leandro Usón, katibu wetu, unayeniazima sauti yako leo. Waheshimiwa wenye nyumba wa ghorofa kuu, ambao babu zenu ndio waliolisimamisha jengo hili. Waheshimiwa wenye nyumba wa ghorofa zilizobaki, hadi ile ya tano iliyo jirani na njiwa. Majirani wapangaji, ambao kanuni iliwanyima kura lakini haikuwanyima masikio. Nawe Bi Engracia, mlinda mlango, ambaye hakuna kati yetu aliyetoka wala kuingia bila wewe kumwona: nawasalimu kila mmoja kwa nafasi yake. Kwa jambo lililotukutanisha, hata hivyo, naomba mniwie radhi nikiwatazama nyote kama watu wa nafasi moja.

Tangu nivunjike mguu mwezi Septemba nimelala huku Huesca kwa binti yangu, na uenyekiti nimeuendesha kwa stempu. Hali hiyo ina faida yake. Aliye mbali huandikiwa mambo ambayo mtu hathubutu kumwambia aliye karibu.

Jumapili ijayo, katika kijiji cha Villar de la Hoz, itasomwa misa ya mwezi ya marehemu Bi Obdulia, mke wa Bwana Saturnino Cebrián wa ghorofa ya nne kushoto. Basi limekodiwa. Shada limeagizwa. Nguo nyeusi zimepigwa pasi. Nusu yenu mnasema basi liondoke. Nusu mnasema lisiondoke. Na ugomvi, kama ilivyo desturi yetu, umeshapanda na kushuka na lifti. Kura zikilingana, kanuni humwachia mwenyekiti neno la mwisho. Neno hilo ninalo. Sitalitoa kabla hamjazisikia barua hizi, kwa mpangilio wa tarehe zake. Walioziandika wameridhia zisomwe. Bi Eulalia Boronat wa ghorofa ya pili hakuridhia tu. Ameniamuru nianze na yake.

Katibu, soma.

Visitación Arrieta
Mwenyekiti


Zaragoza, 6 Machi 1995

Mwanangu Damián,

Unakula? Usinidanganye, najua huko Madrid mnakula mmesimama kama farasi. Umeniuliza jengo lina habari gani. Basi kaa chini kwanza.

Saturnino ana mwanamke!

Ndiyo, huyo huyo wa ghorofa ya nne, dereva wa basi mstaafu, aliyeendesha maisha yake yote bila kugeuza shingo. Obdulia yuko kijijini kwa dada yake tangu msimu wa vuli. "Hewa ya kule inamfaa," alituambia Saturnino. Kumbe ya huku inamfaa yeye! Kila Jumapili asubuhi kamba yake inajaa: magauni ya kulalia, soksi ndefu, sidiria, sweta ya waridi yenye vifungo vya lulu. Mwanamume anayeishi peke yake anamfulia nani sidiria? Na anavyozianika sasa! Anazishika mabegani, anazinyoosha, vibanio vya rangi moja. Mimi mwenyewe sianiki hivyo.

Jana upepo wetu wa kaskazini ulivuma, ukang'oa gauni moja la kulalia likatua kwenye kamba yangu. Nikaligeuza. Kwenye kola imeshonwa namba, hamsini na nane, kwa uzi mwekundu. Nikamwita Engracia.

Akalichunguza kama hakimu. "Bi Eulalia," akasema, "nguo yenye namba ni ya jeshi, ya gereza, au ya zile nyumba."

"Jeshi halivai lesi, mama."

"Basi limebaki gereza na zile nyumba."

"Na wa gerezani hatoki Jumapili!"

Tukacheka mpaka tukashika ukuta. Nililibana kwa kibanio kwenye sanduku lake la barua pale mlangoni, ili alichukue jengo zima likiona. Akaja, akalikunja taratibu kama kitambaa cha altare, akaniambia, "Asante, jirani." Mtu hana haya hata kidogo!

Usimwambie mtu.

Mama yako,
Eulalia


Madrid, 14 Machi 1995

Mama,

Umeniambia nisimwambie mtu, nami nimewaambia watu wanne, ambao nao watawaambia mamilioni. Nisamehe. Kituo cha runinga kilitutaka tuandike tamthilia ya vichekesho ya majirani wanaogombana, na tangu Krismasi tulikuwa tukikuna vichwa kwa kukosa kipindi cha kwanza. Nimesoma barua yako kwa sauti katika chumba chetu cha kuandikia. Mwenzangu mmoja alianguka na kiti chake. Sasa kipindi cha kwanza tunacho: mzee, kamba ya nguo, namba kwenye kola, na jengo zima linapeleleza hadi linapigana lenyewe kwa lenyewe.

Usiogope. Nimembadilisha jina, nimempa teksi na masharubu. Hakuna atakayejua.

Kitu kimoja tu nimekitoa moyoni. Unakumbuka, nikiwa natoka kwenda shule, Bwana Saturnino alivyokuwa akirudi na mkate, akasimama uani na kuita juu, "Jua limeamka?" Na Bi Obdulia akatoa kichwa dirisha la jikoni: "Linachana nywele!" Nilikuwa nachelewa shule makusudi ili niwasikie. Katika jengo lile la makelele, sikupata kusikia kitu kizuri kuliko hicho. Basi maneno hayo nimeyatia kinywani mwa mzee wetu. Anamwambia yule hawara. Wenzangu wanasema ndipo watu watakapocheka zaidi.

Nakula, mama.

Mwanao,
Damián


Zaragoza, 11 Oktoba 1995

Mwalimu wangu Visitación,

Mguu vipi? Pole, umekosa sherehe! Jana jioni jengo zima lilikuja kwangu kutazama kipindi cha kwanza cha mwanangu. Nilipika vimanda vitatu vya viazi na havikutosha. Watu walikaa hadi kwenye beseni la kuogea wakitazama kupitia mlango.

Ugomvi ulianza kabla ya matangazo ya kwanza. Kila mtu anatafuta nani ni nani. Leandro alisimama: "Huyo bahili wa ghorofa kuu amefanywa mimi! Mimi si mchoyo hivyo!" Engracia akamjibu, "Ni kweli, Bwana Leandro, wewe wamekupunguza." Mimi nimewekwa pia, Mwalimu; nachunguliachungulia dirishani na roli za nywele kichwani. Nikasema kimoyomoyo, mtoto huyu nilimzaa kwa uchungu, anilipe hivi? Lakini nilicheka mpaka machozi.

Na yule mzee wa kamba! Hata ukimwekea masharubu kumi. Saturnino mwenyewe hakuwapo. Nilimgongea kumwalika, sikujibiwa. Kila jioni hutoka na mfuko wake, na sote tunajua anakokwenda.

Leo asubuhi watoto wa shule wanaitana mtaani, "Jua limeamka?" Na wa ng'ambo wanajibu. Mji mzima, Mwalimu! Maneno ya ua wetu!

Upone haraka.

Eulalia


Zaragoza, 23 Oktoba 1995

Kwa Mwenyekiti, Bi Visitación Arrieta

Mheshimiwa,

Nakujulisha kwamba kuanzia leo nairudisha kwa jumuiya kamba ya kuanikia ya ghorofa ya nne kushoto. Nimeifungua mwenyewe, na vigurudumu vyake vya kuvutia nimevipaka mafuta. Anayeihitaji aitumie.

Nakutakia nafuu ya mguu.

Saturnino Cebrián


Huesca, 26 Oktoba 1995

Bwana Saturnino mpendwa,

Kamba si ya jumuiya, ni ya nyumba yako, na mimi sina mamlaka ya kuipokea. Lakini hilo ni jibu la mwenyekiti, na sitaki kukujibu kama mwenyekiti.

Mtu haifungui kamba aliyoifunga ujana wake bila sababu. Tumekaa ukuta kwa ukuta. Nimekusikia ukikohoa nawe umenisikia nikisahihisha madaftari kwa kelele. Hukuwahi kunipa neno la kupeleka mbele, nami sitapeleka utakalonipa sasa. Niambie, au niambie ninyamaze.

Jirani yako,
Visitación


Zaragoza, 31 Oktoba 1995

Mwalimu,

Umeuliza kwa upole. Mimi si mtu wa kalamu, utanivumilia.

Obdulia hayuko kijijini. Dada yake alikwisha kufa. Hamkujua kwa kuwa sikuwaambia. Yuko katika makao ya wazee ya masista, ng'ambo ya mto Ebro, tangu vuli ya mwaka jana. Ni ugonjwa wa kusahau. Ulianza kwa chumvi kutiwa mara mbili. Ukaja kwenye gesi. Utakumbuka ile siku ngazi ilipojaa harufu na hapakujulikana ilikotoka, na katika mkutano wa uani mtu akapaza sauti, "Huyo kichaa aliyeacha gesi apelekwe wanakopelekwa vichaa!" Dirisha letu lilikuwa wazi. Akili yake siku ile ilikuwa nyumbani, alisikia. Akanishika mkono: "Satur, popote utakaponipeleka, hawa waambie niko kwa dada. Nisiwe kichekesho cha ngazi." Nikaapa.

Kule nguo hufuliwa zote pamoja, kila mzee na namba yake. Yake ni hamsini na nane. Niliishona mwenyewe, kwa uzi mwekundu, kwa kuwa mweusi siuoni vizuri. Hata hivyo walizichanganya. Siku moja nilimkuta amevalishwa sweta ya mtu mwingine, analia, anasema, "Huyu si mimi." Tangu hapo nachukua nguo zake kila Jumamosi, nazifua kwa sabuni yake ile ile, nazianika kwenye kamba yake, na Jumapili jioni nazirudisha zikiwa na upepo wa nyumbani. Akivalishwa hunusa mkono wa nguo, akatulia. Hawara yangu ndiye huyo.

Jina langu lilimtoka wakati wa Pasaka. Aliniita "bwana," kama unavyomwita mtu wa posta. Lakini saa ya chakula nilisimama mlangoni nikasema, "Jua limeamka?" Naye, bila hata kunitazama, akajibu, "Linachana nywele," akafungua kinywa. Masista aliwakatalia kijiko, mimi alinikubalia. Hivyo ndivyo alivyokula, na ndivyo alivyomeza dawa.

Jumanne ile ya kipindi tulikuwa ukumbini na runinga inawaka. Nilikuwa namlisha supu. Yule mzee nilimjua kabla hajafungua mdomo. Nilimjua kwa namna ya kushika nguo mabegani. Wazee walicheka. Masista walicheka. Obdulia naye akacheka, akanipiga bega: "Mwone mshenzi yule! Masikini mkewe." Nikacheka pamoja naye, Mwalimu. Ningefanyaje?

Kisha mwigizaji akasimama uani, akamwita yule mwanamke kwa maneno yetu. Na yule mwanamke akamjibu.

Obdulia aliacha kucheka. Akaitazama runinga, halafu akanitazama mimi. Tangu Pasaka hakupata kunitazama hivyo. Alinijua. Akasema, "Kumbe ni wewe."

Kesho yake nilisimama mlangoni nikasema yale maneno. Akageukia ukuta: "Nenda kamuulize yule." Sasa anamlisha msichana wa zamu, nami nasimama nyuma ya mlango, maana akiniona hamezi. Nimejaribu kumweleza. Yaliyoelezwa humtoka mara moja. Lile moja tu ndilo lililobaki.

Nguo bado nafua. Nazianika bafuni. Hazikauki vizuri.

Mwambie kijana Damián, yeye peke yake. Nilimwona akikua, alikuwa akichelewa shule pale chini ya ngazi, akidhani hatumwoni. Sitaki aadhibiwe. Nataka tu ajue maneno yale yalikuwa na kazi.

Saturnino


Huesca, 4 Novemba 1995

Damián,

Nilikufundisha kusoma. Soma nakala niliyoiambatisha, mpaka mwisho, kisha uisome tena kama nilivyokuwa nikiwaamuru, kwa kidole chini ya mstari.

Sikuandikii kukulaumu kwa kucheka. Kicheko ni mkate wa masikini, na jengo letu limekulisha huo tangu utotoni. Nakuuliza jambo moja: ulipolitoa neno la watu wawili ukampa mtu wa tatu, ulidhani wale wawili wamebaki na nini?

Kama kuna linaloweza kufanywa kule kwenye kituo, lifanye leo. Yule mama hali kitu mkononi mwa mumewe.

Mwalimu wako,
Visitación


Madrid, 9 Novemba 1995

Mwalimu,

Nimesoma kwa kidole.

Nilikwenda kituoni kumwomba mkuu aondoe maneno yale. Alinisikiliza vizuri, kisha akafungua kabati akanionyesha fulana. Zimeshachapishwa: "Jua limeamka?" kifuani, na jibu mgongoni. Akanipa moja, ya saizi yangu. Akasema, "Kijana, maneno haya si yako tena." Nikamwambia hayakuwa yangu tangu mwanzo. Akadhani natania.

Nilipanda treni nikaja Zaragoza. Nilitaka kwenda kwenye makao nimwambie Bi Obdulia kwamba ni mimi, kwamba mumewe hakumwambia mtu mwingine kamwe. Nilitaka kwanza ruhusa ya Bwana Saturnino. Niligonga. Mapazia ya mbao ya madirisha yalikuwa yameshushwa yote. Engracia alisema ameondoka na begi dogo, na hakusema anakwenda wapi, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

Ikabidi nimwambie mama kwa nini nagonga mlango wa ghorofa ya nne huku nalia. Najua nilipaswa kunyamaza, sikuweza. Alikaa kwenye ngazi, mbele ya mlango ule, na aproni yake. Nilipoondoka alikuwa bado amekaa.

Niliyapenda maneno yale, Mwalimu. Nilidhani kuyapenda kunatosha.

Damián


Villar de la Hoz, 16 Novemba 1995

Mwalimu,

Obdulia alifariki tarehe tatu, asubuhi. Daktari alisema ni mapafu. Namwamini, na naomba kila mtu amwamini.

Msichana wa zamu aliniita niingie, kwa kuwa alikuwa amefumba macho na asingeniona. Nilimshika mkono. Yale maneno sikuyasema. Niliogopa asije akasikia.

Nilimleta huku kwao siku iliyofuata. Alivaa sweta ya waridi, na kola yake nilikwisha kuifumua namba. Tulikuwa mimi, padri na mchimba kaburi.

Kiapo changu kwake kilikuwa cha uhai wake tu. Sasa barua zangu wasomee majirani, kama utaona vema. Nisingependa aendelee kuitwa kwa jina la mwanamke asiyekuwapo.

Misa ya mwezi itasomwa huku Jumapili, tarehe tatu Desemba, saa sita mchana. Naandika kwa kuwa desturi inataka majirani wajulishwe. Msijisumbue kuja.

Saturnino Cebrián


Zaragoza, 22 Novemba 1995

Mwalimu,

Nimekodi basi. Viti vyote. Shada nimeliagiza, utepe wake umeandikwa "Majirani zako hawakusahau." Sasa nasikia wa ghorofa ya tano wanasema tusiende, eti ameandika "msijisumbue."

Mwalimu, wewe umesoma vitabu, lakini mimi nimezika. Kwetu hapa neno hilo ndiyo hodi yenyewe! Alipokufa mume wangu niliwaandikieni hivyo hivyo, msijisumbue, na kama msingekuja ningewalaani mpaka leo. Nani alifika wa kwanza? Saturnino. Nani alishika jeneza upande wa kichwa? Saturnino. Obdulia ndiye aliyeniosha nywele siku ile, kwa kuwa mikono yangu haikupanda. Halafu mimi nisiende kwenye misa yake? Nitakuwa mtu wa namna gani?

Nilimbandikia gauni la mkewe kwenye sanduku la barua mbele ya watu. Kila nikifumba macho namwona analikunja. "Asante, jirani." Siwezi kulimeza hilo, Mwalimu. Nataka nisimame pale kanisani, mbele ya hao hao walionisikia nikicheka, nipige magoti nimwombe radhi. Nilimwaibisha hadharani, nimwombe hadharani. Damián naye atakuja, ataomba pamoja nami. Nimekwisha kumwambia avae suti.

Wasomee barua zangu zote. Anza na ile mbaya. Lakini basi liache liondoke.

Eulalia


Huesca, 28 Novemba 1995

Waheshimiwa,

Mmezisikia. Sasa sikilizeni uamuzi, na sababu yake kwanza.

Bi Eulalia, hoja yako ni nzito, na kama ingekuwa misiba mingine yote ya jengo hili ungekuwa umeshinda. Ni kweli kwamba kwetu "msijisumbue" ni mlango ulioachwa nusu wazi, na kwamba asiyeusukuma huhesabiwa hana utu. Sote tulikuja kwako bila kuamini neno lako, na tulifanya sawa. Lakini wewe ulituandikia ukiwa na sisi. Uliandika ukijua kwamba chini yako, juu yako na pembeni yako kuna watu wanaokujua. Bwana Saturnino ameandika akiwa mahali ambapo amemzika mkewe mbele ya mchimba kaburi, akaona afadhali hivyo kuliko mbele yetu.

Mwaka huu jengo zima liliitazama kamba ya mtu huyu, na kila mmoja akasoma alichotaka kusoma. Sidiria ikawa hawara. Namba ikawa danguro. Ukimya ukawa kukosa haya. Hakuna aliyepanda ngazi kuuliza. Leo ametupa maneno mawili yaliyoandikwa waziwazi, kwa mkono wake, akayatia sahihi. Nasi tumekusanyika tena, kwa wema safari hii, kuyapa maana inayotufaa.

Na hayo magoti, Bi Eulalia. Najua yatakuwa ya kweli. Lakini fikiria kanisa dogo la kijiji, basi zima la watu wa mjini, mwandishi wa tamthilia na suti yake, mama yake sakafuni, na katikati mzee mmoja ambaye itambidi, kwa kuwa ni mwungwana, akuinue na kukwambia, "Si kitu, jirani." Atalisema. Unajua atalisema. Hicho, mama, kitakuwa kipindi cha pili.

Uchungu wa kutokwenda ni mkubwa kuliko wa kwenda. Ndiyo maana siwapi ruhusa ya kuukwepa.

Kwa hiyo, kwa mamlaka ya kura zilizolingana, naamua hivi. Hatutakwenda Villar de la Hoz. Si kwa basi, si kwa gari la mtu binafsi, wala mmoja wetu kwa niaba ya wengine. Shada halitapelekwa. Hakuna barua ya pamoja itakayoandikwa. Atakayetaka kumwandikia amwandikie peke yake, na asitegemee jibu. Bwana Saturnino akirudi, atasalimiwa kama asubuhi nyingine yoyote, na hakuna atakayemwuliza alikuwa wapi. Asiporudi, hakuna atakayekwenda kumtafuta ili roho yake mwenyewe itulie.

Bi Eulalia, basi lile limekodiwa kwa jina lako, na ni wewe tu unayeweza kuufuta ukodi wake. Shuka sasa hivi mlangoni kwa Bi Engracia, kwenye simu. Wengine mbaki mmeketi, na Bwana katibu asifungue jambo jingine lolote mpaka Bi Eulalia apande tena na kuwaambia kwamba ameufuta.

Visitación Arrieta
Mwenyekiti